Samasoti ya nyuma kwa anayeanza: kwa nini unatua kwa mikono na magoti

Msomaji mmoja ameniandikia kwamba ana umri wa miaka 27, hajawahi kufundishwa jimnastiki ingawa anaweza kichwangomba cha mbele, yaani kubiringika chini kuelekea mbele, na kwa miezi kadhaa amekuwa akijaribu nyumbani kupiga samasoti ya nyuma ya kusimama, yaani kuruka kutoka mahali alipo, kupinduka hewani kuelekea nyuma na kutua kwa miguu. Amepanga magodoro mawili na kila mara anatua kwa mikono na magoti. Rafiki zake wanamwambia kwamba tatizo ni woga tu na kwamba ajitupe bila kufikiri. Sasa imefika mahali anachuchumaa ili aruke, halafu mwili unakataa, anabaki ameganda. Anauliza aanzie wapi, kama ni lazima awe na mwalimu, na itamchukua muda gani.

Ndugu yangu, nakuomba kwanza uache kujaribu samasoti hii peke yako juu ya magodoro hayo, na nitakueleza sababu, kwa maana sababu yenyewe ndiyo nusu ya jibu la swali lako. Anayetua kwa mikono na magoti amepungukiwa na mzunguko. Mwili wake umepinduka kiasi cha robo tatu hivi ya duara, kichwa kimepita karibu sana na godoro, na kilichomwokoa ni kwamba mikono iliwahi kufika chini. Siku ambayo miguu imechoka, au godoro limeteleza, au umesita kidogo tu wakati wa kuruka, mzunguko utaishia nusu badala ya robo tatu, na nusu ya duara maana yake ni kichwa kuelekea chini na uzito wa mwili mzima juu ya shingo iliyokunjwa. Godoro la kulalia halizuii ajali ya namna hiyo. Wakati mwingine ulaini wake ndio hukishika kichwa kisiteleze, huku kiwiliwili kikiendelea kuja juu yake.

Kwa hiyo siwezi kukubaliana na rafiki zako. Woga unaokugandisha unakueleza ukweli: mwili wako haujui uko wapi katikati ya mruko, na unakataa kwenda mahali usipopajua. Jibu lake ni kuufundisha mwili kila kipande cha safari hiyo, kimoja baada ya kingine, mahali ambapo kukosea hakuumizi, mpaka kusiwe na kipande kigeni kilichobaki. Nimewafundisha watu wazima wengi, na walioambiwa wajitupe ndio wanaonipa kazi kubwa zaidi, kwa sababu inanibidi kwanza niwafundishe kusahau namna walivyozoea kujitupa.

Tuanze na kile kinachotokea hewani, maana ukikielewa utaona mwenyewe kosa lako liko wapi. Samasoti ya nyuma ni mruko wa kwenda juu, na kupinduka kunafuata baadaye. Mtu anayeweza kuinua kitovu cha uzito wa mwili wake, ambacho kwa aliyesimama wima kiko usawa wa nyonga hivi, kwa sentimita 40 kutoka pale miguu ilipoachana na ardhi, anapata takriban sekunde 0.57 za kuwa hewani. Anayekiinua kwa sentimita 20 anapata sekunde 0.40. Tofauti hiyo inaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini ndani yake ndimo magoti yanapofika kifuani, mwili unapozunguka, na miguu inapofunguka kutafuta sakafu. Aliyeruka chini sana hana muda wa kumaliza hata kama ana ujasiri wa simba.

Jambo la pili ni kwamba mzunguko wote unaouhitaji lazima uuchukue ardhini. Ukishaondoka chini hakuna kitu cha kusukuma, na huwezi kujiongezea mzunguko hata chembe. Unachoweza ni kubadili kasi yake kwa kujikunja au kujikunjua. Unaweza kulithibitisha hili leo bila kuruka. Keti kwenye kiti cha ofisini kinachozunguka, shika kitabu kizito kila mkono, nyoosha mikono pembeni, omba mtu akuzungushe taratibu, kisha vuta vitabu kifuani. Utazunguka kwa kasi zaidi bila mtu kukusukuma tena, na ukinyoosha mikono utapunguza mwendo. Ndivyo ilivyo katika samasoti: mwili ulionyooka unazunguka polepole, mwili uliokunjwa vizuri unazunguka haraka, na kujikunjua mwishoni ndiko kunakokupunguzia kasi ili utue umesimama.

Mzunguko wenyewe unapatikanaje? Miguu inaposukuma sakafu, sakafu inausukuma mwili kwenda juu, na ikiwa msukumo huo unapita mbele kidogo ya kitovu cha uzito, mwili unaanza kupinduka kuelekea nyuma. Mikono inayopanda kwa nguvu kutoka chini hadi masikioni huongeza sehemu yake. Kinachohitajika ni mwegemeo mdogo sana wa nyuma, ambao hujitokeza wenyewe ukirusha mikono vizuri na kukunjua nyonga mpaka mwisho. Ndiyo maana simwambii mwanafunzi yeyote aegemee nyuma. Nikimwambia hivyo, ataegemea kupita kiasi, miguu itateleza mbele, na nguvu iliyopaswa kumpandisha itamtupa nyuma.

Sasa tuje kwenye kosa lako. Sijakuona ukiruka, lakini anayetua kwa mikono na magoti karibu kila mara ana moja kati ya makosa matatu, na mara nyingi anayo yote kwa pamoja, kwa kuwa la kwanza huyazaa mengine. Hilo la kwanza ni kurusha kichwa nyuma mapema. Anayeogopa anataka kuiona sakafu haraka iwezekanavyo, hivyo anatupa kichwa nyuma wakati miguu bado iko chini. Kichwa kikienda, mgongo unajipinda kama upinde, nyonga zinasukumwa mbele, magoti yanalegea, na ule mruko wa juu unakufa kabla haujazaliwa. Anaondoka ardhini akiwa chini, amenyooka, na anaelekea nyuma. Hapo hakuna muda wa kujikunja, na mwili ulionyooka unazunguka polepole. Matokeo yake ndiyo hayo unayoyajua.

Unaweza kujichunguza kwa simu. Weka simu ubavuni, usawa wa kiuno, umbali wa hatua nne au tano, na urekodi mruko wa kawaida wa kwenda juu, bila samasoti, ukiwa na nia ileile unayokuwa nayo unapotaka kupinduka. Kisha sogeza picha taratibu mpaka ufike kwenye ile moja ambayo ncha za vidole vya miguu zinaachana na sakafu, na uisimamishe hapo. Tazama mikono: je, imefika masikioni au bado iko usawa wa kifua? Tazama kidevu: je, macho yanaangalia ukuta ulio mbele yako, au pua imeelekea darini? Tazama nyonga na magoti: je, yamenyooka kabisa au bado yamekunjika? Katika mruko mzuri picha hiyo inaonyesha mtu aliyenyooka kutoka vidoleni hadi kwenye ncha za mikono, tumbo limekazwa, kichwa kiko katikati ya mikono na macho yako mbele. Wengi wanaokuja kwangu na tatizo lako huonekana katika picha hiyo mikono ikiwa kifuani na kidevu kikiwa juu, na wakijiona wenyewe hawahitaji maelezo marefu.

Kosa la pili ni kupeleka kifua kwenye magoti badala ya kupeleka magoti kwenye kifua. Mtu anaruka, halafu anainamisha kiwiliwili mbele ili ajikunje, na kwa kufanya hivyo anapambana na mzunguko wake mwenyewe. Magoti ndiyo yanayopaswa kusafiri: yanapanda kwa kasi, yanapita mbele ya kifua, na nyonga zinayafuata kwenda juu ya kichwa. La tatu ni kujikunjua mapema, ambalo ni tendo la woga pia, kwa kuwa mtu anahisi sakafu iko karibu na anaitafuta kwa miguu kabla mzunguko haujafika. Ukiyaweka makosa haya bega kwa bega utaona kwamba yote yanatokana na haraka ya kutaka kufika, na hakuna hata moja linaloponywa kwa kuambiwa ujitupe zaidi.

Mazoezi ya kuanzia hayafanani sana na samasoti, na watu wazima huyadharau kwa sababu hiyo. Naomba usiyadharau. La kwanza ni kuruka na kutua, basi. Ruka juu mikono ikifika masikioni, tua kwa miguu yote miwili kwa upana wa nyonga, magoti yamekunjika na yameelekea kule vidole vilikoelekea, na utue bila kishindo. Anayetua kwa kishindo kutoka kwenye mruko wa kawaida ataumia magoti na vifundo vya miguu akitua kutoka kwenye samasoti. Likishakaa sawa, ongeza kuvuta magoti kifuani ukiwa juu, mgongo ukiwa wima. Ukiona huwezi kuyafikisha magoti usawa wa kifua na kuyarudisha kabla ya kutua, na kulirudia hilo mara kadhaa mfululizo bila kuyumba, basi samasoti bado iko mbali, na miezi michache ya kuimarisha miguu na tumbo itakufaa kuliko jaribio lolote.

La pili ni mkunjo wenyewe, ukiwa umelala. Lala chali kwenye mkeka wa mazoezi, mikono imenyooshwa juu ya kichwa, miguu imenyooka, kiuno kimegandamizwa chini. Vuta magoti kifuani kwa ghafla, mikono ikija kuyapokea chini kidogo ya magoti, mpaka makalio yainuke kutoka kwenye mkeka, huku mabega na kichwa vikibaki palepale. Zoezi hili linaonekana jepesi mpaka ulifanye kwa kasi. Hapo utagundua kwamba kichwa kinataka kunyanyuka na kifua kinataka kuyafuata magoti, na hicho ndicho kilekile ambacho umekuwa ukikifanya hewani bila kujua.

La tatu ni kichwangomba cha nyuma, kwanza kwenye mkeka wenye mteremko, kisha kwenye mkeka wa kawaida, ukijifunza kusukuma kwa viganja vilivyowekwa kando ya masikio ili shingo isibebe uzito. Umesema umeshaweza kichwangomba cha mbele; cha nyuma ni kitu kingine kabisa kwa masikio ya ndani na kwa macho, na ndicho kinachouzoeza mwili kwenda mahali usipopaona. Kwenye ukumbi wenye chuma cha mlalo, kujipindua nyuma ukiwa umeshika chuma, miguu ikipita juu ya kichwa na kushuka upande wa pili, kuna faida ileile na zaidi, maana unaweza kufanya polepole na kusimama katikati, ukatazama chumba kilichopinduka mpaka kisikushangaze tena. Mimi hukipenda chuma kuliko chombo kingine chochote katika hatua hii.

Kinachofuata kinahitaji ukumbi na mtu anayekuangalia. Mikeka minene hupangwa mpaka ifike usawa wa nyonga zako, unaipa mgongo ukiwa hatua fupi tu mbele yake, kisha unaruka juu kwa nguvu, mikono ikiwa masikioni, na kujiacha utue juu yake kwa mgongo mzima, mwili ukiwa umenyooka na kidevu kimevutwa ndani. Hakuna kujikunja wala kupinduka. Anayeruka nyuma badala ya juu atagonga ukingo wa mikeka kwa makalio au mapaja, na atajua mara moja, bila mtu kumwambia. Mwanafunzi anapofikia kutua katikati ya mikeka, akiwa amelala sawasawa, kila mara, najua kwamba tatizo la kichwa limekwisha, na ni hapo tu ninapomruhusu kuongeza mkunjo.

Samasoti yenyewe hufanywa kwanza mikononi mwa msaidizi, na kwa mtu mzima napendelea wawe wawili, mmoja kila upande. Msaidizi husimama ubavuni, karibu kabisa. Mkono wake mmoja hukaa kiunoni mwako kwa nyuma, juu kidogo ya makalio, na wa pili husubiri nyuma ya paja. Unaporuka, mkono wa kiuno unakuinua kwenda juu wala haukusukumi nyuma, na mkono wa paja unazipeleka nyonga juu ya kichwa. Kisha mkono wa kiuno unaendelea kukaa mgongoni mpaka miguu yako imeshika chini na umesimama. Msaidizi anayeondoa mkono mara tu anapoona miguu inashuka hajui kazi yake, kwa kuwa wengi huanguka katika robo ya mwisho. Kazi hii ina ufundi wake na inahitaji nguvu. Rafiki mwenye nia njema ambaye hajawahi kufundishwa anaweza kukuzuia katikati ya mzunguko kwa kukushika shati, na hilo ni baya kuliko kukuacha. Ndiyo maana jibu langu kwa swali lako la pili ni ndiyo, kwa samasoti hii unahitaji mwalimu, walau mpaka uweze kuifanya vizuri bila kuguswa. Kumbi nyingine zina mkanda wa usalama unaofungwa kiunoni na kuning'inizwa kwa kamba mbili, na kwa mtu mzito au mwenye woga mwingi mkanda huo ni neema.

Maendeleo hupimwa kwa uzito anaoubeba msaidizi. Mwulize kila baada ya jaribio: umenibeba kiasi gani? Mwanzoni atakwambia amekubeba karibu wote. Baadaye atakwambia amekugusa tu, na mwishowe mkono wake utakuwa unakufuata bila kukugusa. Usiondoe msaidizi kwa sababu umefanikiwa mara moja. Subiri mpaka siku kadhaa tofauti zimepita ukiifanya vizuri tangu jaribio la kwanza la siku hiyo, kwa kuwa jaribio la kwanza ndilo linaloonyesha kile ambacho mwili umekihifadhi. Kutoka hapo unapunguza unene wa mkeka kidogo kidogo, na kila unapobadilisha mkeka msaidizi anarudi.

Huenda umejiuliza kuhusu trampolini, bwawa na mchanga. Trampolini inakupa muda mrefu hewani, na mikononi mwa mwalimu inafundisha vizuri sana hisia ya kupinduka, ingawa mdundo wake ni tofauti na wa sakafu na itakubidi ujifunze upya namna ya kuruka. Trampolini ya nyumbani ni habari nyingine. Chama cha madaktari wa watoto wa Marekani, katika tamko lake la mwaka 2012 kuhusu trampolini, kilionya kwamba samasoti ni miongoni mwa sababu kuu za majeraha makubwa ya shingo, na kikashauri zisifanywe nje ya mafunzo yenye usimamizi. Mtu mzima hana shingo ya chuma. Onyo hilo linamhusu naye. Shimo la sponji ukumbini ni zuri, mradi usitue kwa kichwa, kwa sababu sponji hukishika kichwa kama godoro linavyokishika. Mchanga unaonekana laini lakini una mashimo, na miguu huzama wakati wa kuruka, hivyo unapoteza urefu uleule unaouhitaji.

Kuhusu bwawa, watu wengi hudhani maji ni salama kuliko vyote. Anayeruka kwa kuyapa maji mgongo lazima aende mbali na ukingo, na anayeruka akitazama maji huku akipinduka nyuma anarudisha kichwa chake kuelekea kule alikotoka. Katika Michezo ya Olimpiki ya Seoul mwaka 1988, Greg Louganis wa Marekani, mmoja wa wapiga mbizi bora kuwahi kutokea, aligonga kichwa chake kwenye ubao wa kurukia akipinduka namna hiyohiyo. Aliendelea na mashindano na kutwaa medali ya dhahabu, lakini hilo lisikudanganye. Kilichompata mtu mwenye ustadi ule kinaweza kumpata anayeanza kwa urahisi zaidi, na ukingo wa saruji hauna huruma ambayo ubao unayo.

Turudi kwenye kuganda, maana nadhani ndiko kunakokuumiza zaidi moyoni. Kuganda kabla ya kuruka hakuna hatari yoyote; unasimama, unapumua, unaondoka. Hatari iko katika kuganda baada ya kuondoka ardhini, pale mtu anapobadili nia akiwa juu, anafungua mkunjo na kunyoosha mkono mmoja nyuma kutafuta sakafu. Hapo ndipo viwiko vinapovunjika na shingo zinapoumia. Kwa hiyo kanuni ninayowawekea wanafunzi ni kwamba uamuzi hufanyika miguu ikiwa chini. Tunahesabu moja, mbili, tatu, pamoja na msaidizi. Ukifika tatu na huna uhakika, unashusha mikono na kuondoka mahali hapo, na hakuna anayekuuliza kwa nini. Ukiruka, unakamilisha mkunjo hata ukihisi umeharibu, kwa sababu mwili uliokunjwa na unaozunguka unaweza kudakwa, na ulionyooka katikati ya njia ni vigumu kuudaka.

Wala usidhani kuganda ni aibu ya wanaoanza. Simone Biles wa Marekani alijiondoa katika fainali ya timu ya jimnastiki ya Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021, baada ya kupoteza hisia ya mahali mwili wake ulipo hewani wakati wa kujizungusha. Kilichonigusa zaidi ni alichokifanya baadaye: siku chache mbele alirudi kushindana kwenye ubao wa mizani, yaani boriti nyembamba iliyoinuliwa, akabadilisha namna ya kushuka ili isiwe na ule mzunguko wa ubavu, yaani wa kujisokota hewani, uliokuwa ukimsumbua, na akapata medali ya shaba. Alirudi kwa kitu ambacho mwili wake ulikuwa bado unakiamini. Nawe ufanye vivyo hivyo. Ukiganda leo kwenye samasoti, rudi kwenye mikeka ya usawa wa nyonga. Ukiganda hapo, rudi kwenye chuma au kichwangomba cha nyuma. Kila mtu ana hatua ambayo mwili haubishani nayo, na kutoka hapo ndiko kunakoanzia njia ya kupanda tena.

Uchovu nao unastahili neno lake. Miguu iliyochoka huruka chini zaidi kabla wewe mwenyewe hujatambua, na samasoti hula urefu huo wote. Kwa anayeanza, majaribio machache yenye mapumziko marefu yanafundisha kuliko saa nzima ya kujirudiarudia, na jaribio linaloanza na maneno "mara ya mwisho" ndilo ninalolizuia mara nyingi zaidi. Anayetoka kwenye jeraha awe mwangalifu maradufu. Elena Mukhina wa Umoja wa Kisovieti, aliyekuwa bingwa wa dunia mwaka 1978, alipooza mwaka 1980, majuma mawili hivi kabla ya Olimpiki ya Moscow, akifanya mazoezi ya samasoti ngumu yenye mizunguko mingi baada ya kuvunjika mguu na kurudishwa mazoezini kabla hajawa tayari. Hakupanda vya kutosha, akatua kwa kidevu. Samasoti yake ilikuwa ngumu mno kuliko yako, lakini upungufu wa urefu ni uleule.

Kama una tatizo la shingo, la mgongo, kizunguzungu cha mara kwa mara, au maungio yanayoteguka kwa urahisi, muone daktari kabla ya hatua yoyote. Na yeyote anayefanya mazoezi haya, pamoja na wasaidizi wake, ajue yafuatayo kabla ya siku ya kwanza: mtu akiangukia kichwa au shingo na akalalamika maumivu ya shingo, ganzi, au udhaifu wa mikono au miguu, asiinuliwe wala kugeuzwa, aambiwe atulie alivyo, na wahudumu wa dharura waitwe. Akiwa amechanganyikiwa, anatapika, au hakumbuki kilichotokea, mazoezi yake yameisha kwa siku hiyo hata akisema yuko sawa, na harudi mpaka daktari amruhusu.

Umeuliza itachukua muda gani. Mtu mzima mwenye afya nzuri, anayeruka vizuri, anayefanya mazoezi na mwalimu mara mbili au tatu kwa wiki, kwa kawaida anaweza kuipiga mikononi mwa msaidizi ndani ya majuma machache, na kuipiga peke yake kwenye mkeka mnene baada ya miezi kadhaa. Wapo wanaowahi na wapo wanaochelewa mwaka mzima, na umri wa miaka 27 si kikwazo hata kidogo. Kwako wewe ningeongeza muda kidogo, kwa kuwa una mazoea ya kufuta. Nguvu za ziada zinasaidia, ila uzito wa mwili na wepesi wa kuvuta magoti vinaamua mengi zaidi kuliko ukubwa wa misuli.

Katika kumchagua mwalimu, nenda ukumbini siku moja ukatazame tu kabla ya kulipa chochote. Angalia kama anayeanza huruka moja kwa moja kwenye samasoti au hupitishwa kwenye hatua za chini. Angalia mikono ya mwalimu inakaa wapi wakati mwanafunzi anatua, na kama anaiondoa mapema. Angalia anafanyaje mwanafunzi anapogoma: kama anamsukuma na kumcheka mbele ya wenzake, tafuta ukumbi mwingine, kama anamrudisha hatua moja nyuma na kumwachia muda, jiandikishe. Siku ya kwanza mwonyeshe ile picha ya simu ya vidole vikiachana na sakafu, mweleze kwamba umekuwa ukitua kwa mikono na magoti na kwamba sasa unaganda, na mwombe akuanzishie kwenye mikeka ya usawa wa nyonga.